Chenso ya petroli, ya umeme au ya betri: ipi inafaa nyumba ya Dar es Salaam?

Tawi la mwembe lililoangukia ukuta wa jirani yangu huko Tabata, wakati wa mvua za masika, lilikuwa nene kama paja la mtu mzima, na asubuhi yake tulikusanyika watu watatu kulikata tukiwa na zana tatu tofauti. Mzee mwenye nyumba alishika panga lake la siku zote, kijana wake alikuja na msumeno wa mkono, nami, kwa majivuno ambayo leo yananichekesha, nilibeba chenso ya petroli niliyokuwa nimeinunua mwaka mmoja kabla na kuitumia mara mbili tu. Nilivuta kamba ya kuwashia mpaka bega likauma. Mashine ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Nilipokuwa bado ninafungua plagi kuitazama, kijana alikuwa amekwisha fika katikati ya tawi. “Anko, we pumzika tu, nakaribia kumaliza,” aliniambia bila hata kugeuka.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza anunue msumeno upi wa mnyororo namrudishia maswali mawili: utakata nini, na mara ngapi kwa mwaka? Wauzaji wengi huanza na nguvu ya injini na urefu wa bapa, yaani kile chuma bapa kinachoongoza mnyororo, na mnunuzi huondoka na mashine ya kuangushia msitu ilhali nyumbani ana mwarobaini mmoja na uzio wa michongoma. Aina zote zinazouzwa leo zilitokana na kazi mahususi, na mwenye kuijua kazi hiyo hapati shida kubwa kuchagua. Chombo chenyewe kilianza hivyo hivyo, kwa kazi moja finyu ambayo haikuwa na uhusiano wowote na miti.

Mnyororo uliotoka mikononi mwa madaktari

Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken wa Edinburgh na James Jeffray wa Glasgow, walibuni, kila mmoja kwa upande wake, msumeno unaopindika, ulioundwa kwa vipande vidogo vilivyoungwa kama mnyororo wa saa, wenye meno upande wa ndani na mpini katika kila ncha. Aitken aliuonyesha kwa mchoro katika kitabu chake cha ukunga cha mwaka 1785. Ulikusudiwa kwa operesheni iliyofanywa mtoto alipokwama wakati wa kuzaliwa, ambapo daktari alikata kiungo cha mbele cha nyonga, pale mifupa miwili ya kinena inapokutana, ili njia ipanuke. Kupasua tumbo kumtoa mtoto, kwa hali ya tiba ya wakati huo, kulimaanisha kwa kawaida kumpoteza mama, kwa hiyo operesheni hii, pamoja na ukatili wake wote, ilionekana kuwa nafuu. Jeffray yeye aliulenga msumeno wake kwenye mifupa na viungo vilivyoliwa na maradhi, ili daktari atoe sehemu mbovu badala ya kukata mguu au mkono mzima.

Inafaa niwatulize wale waliowahi kukutana na habari hii ikisimuliwa kana kwamba mama alisogezewa mashine inayonguruma. Haukuwa na injini wala bapa. Daktari aliupitisha mnyororo nyuma ya mfupa, akashika mipini miwili, akavuta huku na huku taratibu. Faida yake ni kwamba uliingia mahali ambapo msumeno ulionyooka usingeingia bila kuchana nyama za pembeni.

Hatua iliyoufikisha karibu na kile tunachokiona leo ilipigwa mwaka 1830 na Mjerumani Bernhard Heine wa Würzburg, aliyetengeneza kifaa cha kukatia mifupa kilichoitwa osteotomu. Humo mnyororo wenye meno uliunganishwa ncha kwa ncha, ukazunguka juu ya bapa, ukiendeshwa na gurudumu la meno ambalo daktari alilizungusha kwa mpini. Ondoa mpini huo, weka injini, na umbo lake ni lile lile la chenso. Madaktari wenyewe baadaye waliuacha mnyororo, hasa baada ya Mwitaliano Leonardo Gigli kuleta mwaka 1894 waya wa kukatia uliokuwa rahisi zaidi kuutengeneza na kuutumia.

Wazo la mnyororo lilihamia misituni. Mwaka 1905 Samuel J. Bens wa San Francisco alipewa hataza ya msumeno wa mnyororo usio na mwisho, akiwa na nia ya kuangusha miti mikubwa ya California. Mwaka 1926 Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza msumeno wa umeme wa kukatia magogo, uliokuwa na uzito wa takriban kilo 64 na kuhitaji watu wawili. Mwaka uliofuata Emil Lerp aliujaribu msumeno wa petroli kwenye mlima Dolmar huko Thuringia, Ujerumani, na Stihl naye akaleta wake wa petroli mwaka 1929. Nayataja haya kwa sababu katika maduka ya Kariakoo nimewahi kuambiwa kwamba chenso ya umeme ni “mambo ya kisasa, hayajazoeleka”. Katika karakana ya Stihl, ya umeme ndiyo iliyotangulia, kwa miaka 3.

Petroli

Chenso ya petroli ni mashine ya mtu anayekata mbali na nyumba. Haina waya, haisubiri umeme urudi, na nguvu yake haipungui kadiri saa zinavyokwenda mradi petroli ipo. Kwa mwenye shamba la mikorosho Mkuranga, au kiwanja kikubwa Chanika au Kisarawe kinachohitaji kusafishwa, sioni mbadala wake. Injini ya sentimita za ujazo 35 hadi 45, ikiwa na bapa la inchi 14 hadi 16, inatosha kabisa kwa kazi za aina hiyo. Zile za sentimita 70 na kuendelea, zenye bapa la inchi 20 au zaidi, ni za wapasua mbao na waangusha magogo, na uzito wake utakuchosha kabla hujafika mti wa tatu.

Gharama yake halisi haionekani dukani, kwa sababu imo katika matunzo. Injini hizi hutumia petroli iliyochanganywa na oili maalumu, kama zilivyo injini nyingi ndogo za boti ambazo wavuvi wa Kigamboni wamezizoea. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, kila lita moja ya petroli hutiwa mililita 20 za oili. Ukipunguza oili pistoni inakwaruzika, na ukizidisha plagi inashika masizi. Mchanganyiko uliokaa miezi kadhaa huharibika na kuacha utando unaonata ndani ya kabureta, na hicho ndicho kilichoniaibisha mbele ya yule kijana: niliiweka stoo ikiwa na petroli ndani kwa karibu mwaka mzima. Fundi aliyeifungua alinionyesha chujio dogo la kabureta lililogeuka rangi ya chai ya rangi, kisha akanifundisha jambo ambalo muuzaji hakulitaja, kwamba ukijua hutaitumia kwa wiki kadhaa, umwage petroli yote, uwashe, uiache ijizimie yenyewe.

Upande wa nafuu, fundi anayetengeneza jenereta ndogo na pikipiki kwa kawaida ataweza pia kusafisha kabureta ya chenso, na mafundi hao hawakosekani katika mtaa wowote wa Dar. Kero ni kelele, ambayo hupita desibeli 100 masikioni mwa mtumiaji, na moshi, ambao katika uwanja uliobanwa na kuta pande zote hautoki upesi. Katika nyumba za kupanga zilizosongamana, Sinza au Mwananyamala kwa mfano, jirani atakuvumilia mara ya kwanza.

Umeme wa waya

Kwa nyumba ya kawaida ya mjini, yenye uwanja ambao kila kona yake inafikiwa na waya wa mita 25, hii ndiyo ninayoipendekeza, na najua wengi hawatakubaliana nami. Inawaka kwa kubonyeza kitufe, haina kabureta, haina mchanganyiko, na ikikaa stoo mwaka mzima utaikuta kama ulivyoiacha. Mashine ya wati 2,000 ikifanya kazi nusu saa mfululizo hutumia uniti 1 ya LUKU, na kwa kuwa hakuna anayekata nusu saa bila kupumua, uniti hiyo kwa kawaida inatosha asubuhi nzima ya kupunguza matawi na kuyakata vipande vya kuni.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye waya. Wati 2,000 kwa volti 230 ni karibu ampea 9, na ekstensheni nyembamba za kuchajia simu na kuwashia televisheni hazikukusudiwa mzigo huo kwa umbali wa mita 20 au 30. Mota hupungukiwa nguvu, waya unapata moto, na ukiwa umeuacha umezungushwa kwenye kigurudumu chake unaweza kuyeyuka. Tumia waya wenye unene usiopungua milimita za mraba 1.5, na uukunjue wote. Ulazwe nyuma yako, upitie begani kama mafundi wanavyofanya, ili usijikute umeukata mwenyewe. Nyasi zikiwa na maji ya mvua kazi iahirishwe, na hapo ndipo masika yanapoikwaza, kwa sababu matawi huanguka siku za mvua. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba jenereta ndogo ya nyumbani, ile inayowasha taa na friji, haitaivuta.

Betri

Nimeitumia ya rafiki kwa siku mbili huko Goba na nikaipenda kuliko nilivyotarajia. Ni tulivu, haina moshi, na kwa matawi ya unene wa mkono inakata bila kusitasita. Lakini hesabu yake lazima ifanywe kabla ya kulipa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 4 ina wati-saa 144, na mota inayokula wati 1,000 inapokuwa ndani ya mti itaimaliza kwa chini ya dakika 9 za kukata mfululizo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ni kusogeza matawi na kujipanga upya, dakika hizo hurefuka hadi karibu saa moja ya kazi halisi, kisha unasubiri chaja. Anayeichagua anunue betri mbili.

Kabla hujafika huko, muulize muuzaji kama ana betri ya ziada ya aina ile ile dukani kwake leo. Betri za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwenye mashine ya nyingine, na chenso ya betri ambayo betri yake haipatikani nchini ni pambo la stoo. Joto la Dar nalo halizifai betri hizi: zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala zisichajiwe mara tu zinapotoka kazini zikiwa na moto.

Panga, shoka na msumeno wa mkono

Michongoma na maua ya uzio hayahitaji mnyororo, kwa sababu vijiti vyembamba hurushwa na meno au hujisokota kwenye gia. Panga au mkasi wa bustani utamaliza kazi vizuri zaidi. Kwa matawi mabichi yanayofika unene wa kifundo cha mkono, msumeno wa mkono uliopinda, unaokata unapovutwa, hufanya kazi ndani ya dakika moja au mbili. Kama una mti mmoja unaoupunguza mara moja kwa mwaka, nunua huu, na pesa iliyobaki ifanyie jambo jingine.

Meno ndiyo yanayokata

Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, Joseph Buford Cox, alikuwa akitazama buu la mbawakawa likitafuna kisiki, akagundua kwamba lilikula kwa kwenda kushoto na kulia kwa taya zake mbili zilizopinda, na halikujali mwelekeo wa nyuzi za mti. Minyororo ya wakati huo ilikuwa na meno yaliyofanana na ya msumeno wa mkono, yaliyokwaruza zaidi kuliko kukata, na kuyanoa kulikuwa adhabu. Cox alitengeneza jino lililopinda kama taya la buu lile, moja likielekea kushoto na la pili kulia, na mwaka 1947 akaanza kuuza mnyororo wake kutoka ghorofa ya chini ya nyumba yake huko Portland. Minyororo karibu yote inayouzwa leo, iwe ya petroli, umeme au betri, hufuata wazo lile.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba mashine ya bei ya chini yenye meno makali huipita ya bei ya juu yenye meno butu, na tofauti hiyo unaiona chini, miguuni pako. Meno makali hutoa vipande vya mti vinavyoonekana kama chipsi ndogo. Meno butu hutoa unga kama wa mahindi, mashine huanza kukataa, nawe unajikuta unaikandamiza. Ukiona unga, simama, unoe.

Kunoa ni kazi ya tupa ya duara yenye kipenyo sahihi: milimita 4 kwa mnyororo mwembamba wenye hatua, yaani nafasi kati ya vipande vyake, ya inchi 3/8, unaokuja na chenso nyingi za nyumbani, na milimita 4.8 kwa ule wa inchi .325. Tupa inasukumwa kwenda mbele tu, kwa pembe ya nyuzi 30 au iliyoandikwa na mtengenezaji, idadi ile ile ya misukumo kwa kila jino, kwanza ya upande mmoja na kisha ya upande wa pili. Ukizidisha upande mmoja, msumeno utakata kwa kupinda. Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachoamua jino litauma kwa kina gani, ambacho huwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Wapo wanaokishusha sana ili mashine “ile haraka”, na matokeo yake ni mtikisiko na hatari. Unaponunua mnyororo mpya, nenda na ule wa zamani mkononi, kwa sababu kipimo cha hatua, unene wa sehemu inayoingia kwenye mfereji wa bapa na idadi ya vipande lazima vyote vitatu vilingane.

Yapo pia mazoea mawili ya kwetu yanayoua meno na bapa mapema. La kwanza ni kulainisha mnyororo kwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari, ambayo ina chembe za chuma na haifai hata kwa ngozi yako. La pili ni kukata gogo likiwa limelala mchangani. Jino likigusa mchanga mara moja tu limekwisha, na katika viwanja vya Dar mchanga ndio ardhi yenyewe, kwa hiyo gogo liinuliwe juu ya magogo mengine kwanza.

Unapoinunua, na usipoinunua

Chochote utakachochagua, hakikisha kina breki ya mnyororo, yaani ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto, na uijaribu hapo hapo dukani. Robo ya juu ya ncha ya bapa ikigusa mti au ukuta, mashine hurushwa nyuma kuelekea usoni kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuizuia. Chenso ya umeme na ya betri zinarusha vile vile, ingawa utulivu wake huwadanganya watu wakazishika kwa mkono mmoja. Isiinuliwe juu ya mabega, isitumiwe juu ya ngazi, na buti, miwani na vizibo vya masikio vihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

Mnazi na mwembe mkubwa uliosimama karibu na nyumba ni suala jingine kabisa. Mnazi una ganda gumu nje na moyo laini ndani, hufanya meno kuwa butu upesi, na katika viwanja vyetu vilivyobanana hauna mahali pa kuangukia, kwa hiyo hukatwa vipande kuanzia kileleni na kushushwa kwa kamba. Hiyo ni kazi ya kumlipa fundi mwenye uzoefu, baada ya kuuliza kuhusu kibali kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na kwa watu wa misitu. Nyaya za umeme zikiwa zimepita kwenye matawi, wa kuitwa kwanza ni shirika la umeme.

Mimi niliiuza ile ya petroli kwa ndugu yangu wa Mkuranga, ambaye anaiwasha karibu kila wiki na hajawahi kulalamika, nikanunua ya umeme yenye bapa la inchi 14. Jirani yangu amekwisha kuiazima mara mbili. Mara ya pili iliporudi, nilihesabu meno saba yaliyovunjika mfululizo upande wa kulia, na mzee akakumbuka, kwa masikitiko ya kweli, kwamba kwenye shina lile waliwahi kupigilia misumari ya kamba ya kuanikia nguo.